Kupanga fleti ndani ya nyumba ya kale Mji Mkongwe: hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale kila msimu. Maji yapo? Gari linafika mlangoni? Huu unga mweupe unaodondoka ukutani ni nini? Mbona ngazi zimesimama namna hii, mama yangu atapandaje? Nashika funguo za fleti mbili tatu hapa Mji Mkongwe, Unguja, kwa niaba ya wenyewe walioko Muscat na Dar es Salaam, na nimechoka kuandika majibu hayahaya kwenye simu saa tano za usiku. Nayaweka yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekuja kwa siku chache hadi mwezi, anayetaka kukaa ndani ya nyumba ya kale iliyokarabatiwa, apike mwenyewe na afungue dirisha mwenyewe, badala ya kuchukua chumba cha hoteli. Anayehamia moja kwa moja ana mambo yake mengine, ila hatua ya pili na ya nne zitamfaa hata yeye.

Nyumba yenyewe, kwa ufupi

Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wake nusu mita au zaidi. Sakafu na dari zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki upana mkubwa, kiasi cha mita tatu hivi au chini yake. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Usimlaumu fundi. Nyumba za mtindo wa Kiarabu zimefunga uso kwa nje na kufunguka ndani, kwenye ua. Za Kihindi zina duka chini, makazi juu na roshani ya mbao inayotazama njia. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua utasikia nini usiku na upepo utakuingilia wapi, kwa hiyo uliza mapema unapelekwa kwenye ipi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilibaki bila wenyewe, zikachukuliwa na serikali, zikagawiwa familia kadhaa kwa pamoja. Mji ukaingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Fleti nyingi unazoziona leo ni vipande vya nyumba moja kubwa: sebule ya chini ni ya watu wote, ngazi ni za watu wote, na jirani yako wa ghorofa ya kati huenda yumo humo tangu utoto wake.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho. Mtanzania anatosha na kitambulisho cha taifa, wa nje pasipoti. Wageni wasio Watanzania wanatakiwa pia kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar tangu Oktoba 2024. Raia wa Afrika Mashariki aangalie kiwango kinachomhusu kabla ya kulipa.
- Simu yenye laini inayofanya kazi na pesa ya mkononi. Bila hiyo, umeme wa kulipia ukiisha saa nne usiku utalala gizani.
- Tochi, ya kichwani ikiwezekana. Tochi ya simu inakuachia mkono mmoja tu wa kushika kamba ya ngazi.
- Mkoba wa kubeba mgongoni au begani. Sanduku la magurudumu linafika, lakini linafika limechoka, na wewe pia.
- Kandambili za ndani na viatu vyenye soli isiyoteleza kwa nje.
- Eksitensheni. Soketi kwenye nyumba hizi ni chache na zipo pasipotegemewa.
- Noti ndogondogo za shilingi kwa hamali, kahawa na muuza mkate.
- Nguo za kufunika mabega na magoti. Hapa ni mji wa watu, wanaswali, wanalea.

Hatua ya 1: Chagua mtaa kwanza, fleti baadaye

Watu wanapenda picha ya kitanda halafu wanashangaa fleti iko wapi. Anza na mtaa.

Shangani na Forodhani ziko karibu na bahari, hoteli na mikahawa. Taa zipo, watalii wapo, bei ipo juu. Kiponda, Hurumzi na Sokomuhogo ni ndani kabisa, vichochoro vyembamba, maisha ya kawaida ya watu, na usiku kunatulia. Malindi ni jirani wa bandari, inafaa anayewahi boti ya asubuhi. Mkunazini na pande za Darajani ziko karibu na soko na daladala, nzuri kwa anayetaka kupika, lakini zinaamka mapema na kwa kelele.

Kwa maoni yangu, anayekuja mara ya kwanza na watoto au wazee akae Shangani au pembezoni mwa Mkunazini, mahali gari linaweza kusimama karibu. Anayetaka kuujua mji aende Kiponda.

Angalia pia kalenda. Februari kuna tamasha la Sauti za Busara. Ngoma zake kwa miaka mingi zimepigwa Ngome Kongwe, na ukilala karibu na zinapopigwa utahudhuria tamasha bila tiketi. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana, na kula njiani ni utovu wa adabu, hivyo fleti yenye jiko ina faida kubwa. Masika, Machi hadi Mei, bei hushuka na paa huonyesha ukweli wake.

Hatua ya 2: Jua nyumba ni ya nani

Wageni karibu wote wanairuka hatua hii. Nyumba za Mji Mkongwe zina wenyewe wa aina tatu: watu binafsi, serikali, na wakfu zinazosimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mpangaji wa nyumba ya serikali au ya wakfu si lazima awe na ruhusa ya kukupangisha wewe. Ukitoa arubuni kwa mtu wa namna hiyo na mambo yakaharibika, huna pa kushtakia.

Huhitaji kuona hati. Uliza maswali matatu: Nyumba ni yako au unaisimamia? Kama unaisimamia, mwenyewe anaitwa nani, na ninaweza kuongea naye? Na biashara hii ya kulaza wageni imesajiliwa Kamisheni ya Utalii? Mwenye mali halali atakujibu bila kuzungusha. Anayeanza na “usijali ndugu yangu, mambo yote sawa” bila kujibu hata swali moja, mshukuru na uendelee kutafuta.

Kwa mwezi mmoja au zaidi, uliza pia habari za sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo dogo liitwalo shehia. Mwenyeji ndiye anayepaswa kumjulisha sheha wa shehia kwamba kuna mgeni, nawe ni vizuri ujue jina la shehia unayokaa.

Hatua ya 3: Omba video moja isiyokatwa

Picha hudanganya kwa upole. Omba msimamizi apige video kuanzia mlango wa njiani hadi kitandani bila kukata. Ndani ya video hiyo tazama haya:

- Mlango wa chini unafungwa na nini, na nani mwingine ana ufunguo.
- Ngazi ni ngapi, zimesimama kiasi gani, kuna kamba au ubao wa kushikia. Lifti usiulize.
- Bomba likifunguliwa maji yanatoka kwa nguvu, na choo kinapiga maji.
- Madirisha yanafunguka. Yote. Mengine yamepigwa rangi juu ya rangi mpaka yameshikana.
- Neti ya mbu ipo na haina matundu. Samadari, kitanda cha kale cha nguzo, bila neti ni pambo.

Msimamizi anayekataa kupiga video ya dakika tatu ndiye atakayekataa kuja bomba likipasuka.

Hapohapo malizana na bei: ni kwa shilingi ngapi, umeme umo au unanunua mwenyewe, usafi umo, na tozo ya serikali kwa kila usiku imo ndani au italipwa mlangoni. Uandikiwe kwa ujumbe. Kama mnakuja mume na mke, au wapenzi, uliza wazi msimamo wa mwenye nyumba. Baadhi huomba cheti cha ndoa kwa Watanzania, na ni heri kulijua hilo ukiwa Dar kuliko ukiwa umesimama sebuleni na mizigo. Pombe vilevile: ndani ya nyumba nyingine hairuhusiwi kabisa.

Hatua ya 4: Jifunze kuusoma ukarabati

Neno “imekarabatiwa” linabeba mengi. Kuna nyumba imerudishiwa chokaa, boriti zilizooza zikabadilishwa, paa likazibwa. Na kuna nyumba imepigwa rangi nyeupe wiki moja kabla ya picha.

Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na hewani, na chokaa huuacha utoke. Ukipigwa lipu ya saruji juu yake, unyevu unakosa njia, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma nje. Dalili zake unaziona kirahisi: mapovu kwenye rangi, lipu inayolia tupu ukiigonga kwa kidole, unga wa chumvi kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, na harufu ya uvundo chumbani hata baada ya kufungua madirisha. Chumba cha namna hiyo hakikuui kwa siku tatu, lakini mwenye pumu asilale humo.

Vumbi jeupe kidogo la chokaa juu ya meza asubuhi ni jambo la kawaida. Mabonge si kawaida. Ufa mwembamba kama unywele umekuwapo tangu enzi za babu. Ufa unaoweza kuingiza kidole, unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, huo ni wa kuukimbia. Vivyo hivyo dari iliyobinuka, au gogo lililosimamishwa katikati ya chumba kushikilia boriti, hata kama wamelizungushia taa za rangi. Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lilianguka sehemu Desemba 2020 mchana kweupe, na hilo lilikuwa jengo linalojulikana na dunia nzima.

Kwenye boriti tazama vijia vya udongo vya mchwa na vijirundo vya unga wa mbao sakafuni. Vikiwa vibichi, mwambie msimamizi.

Hatua ya 5: Panga kufika kabla ya magharibi

Boti kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili na inashusha Malindi. Ukitoka uwanja wa ndege, teksi mnakubaliana bei kabla mlango haujafungwa, au daladala ya 505 kuelekea mjini kama mzigo wako ni mdogo. Kutoka hapo ni miguu. Gari haliingii vichochoroni, na dereva atakayekwambia “nakufikisha mlangoni” anakusudia mlango mwingine.

Mwambie msimamizi akupokee mahali panapojulikana: Minara Miwili (kanisa Katoliki), lango la Ngome Kongwe, soko la Darajani, kanisa la Mkunazini. Ramani ya simu inayumba kati ya kuta ndefu, na nukta ya buluu itakuonyesha upo ndani ya nyumba ya mtu. Mizigo mizito mpe hamali wa mkokoteni, kwa bei mliyokubaliana, na mtembee pamoja.

Ukienda njia ile mara ya kwanza, geuka nyuma kila kona na utazame itakavyoonekana ukirudi. Chagua alama zisizohama: mlango wenye misumari ya shaba, msikiti, duka la mangi. Paka na pikipiki si alama. Ukipotea, tembea kuelekea upande mmoja bila kuzunguka. Mji umekaa kwenye rasi, bahari iko pande mbili, na upande wa tatu ni barabara kubwa ya Darajani. Utatokea mahali tu.

Hatua ya 6: Kagua fleti msimamizi akiwa bado yupo

Usimwache aondoke kwa sababu umechoka. Dakika ishirini hizi zitakuokoa simu nyingi.

Fungua na ufunge mlango wa chini mwenyewe, ukiwa nje na ukiwa ndani. Milango hii ni mizito, ina mabawa mawili, na bawa moja hufungwa kwa komeo la juu na la chini kabla ya lingine kushika. Ukisahau komeo la chini, mlango unaonekana umefungwa na mtoto anaweza kuusukuma. Ufunguo nao una tabia zake: wengine unauvuta kidogo kuelekea kwako ndipo unazunguka. Jaribu mara kadhaa kukiwa na mwanga.

Kisha akuonyeshe mita ya umeme, koki kuu ya maji, swichi ya pampu, mtungi wa gesi na pa kutupia taka. Piga picha ya kila kimoja. Piga picha pia ya kila kilichovunjika tayari, umtumie hapohapo.

Hatua ya 7: Umeme na maji

Umeme wa Zanzibar ni wa kulipia kabla, na mita yake watu wanaiita Tukuza. Mita za nyumba nzima mara nyingi zimepangwa sebuleni chini, kwa hiyo hakikisha ipi ni ya fleti yako na uandike namba yake. Ukinunua kwa simu au kwa wakala unapewa tarakimu 20. Ziingize taratibu. Wageni hununua umeme mwingi kwa namba ya mita ya jirani, na jirani hushukuru kimoyomoyo.

Hita ya maji na kiyoyozi ndivyo vinavyomaliza uniti. Washa hita robo saa kabla ya kuoga, uzime. Kwa joto la Unguja maji ya bomba mchana yanatosha.

Maji ya mamlaka huja kwa zamu. Kati ya zamu na zamu unatumia tangi la juu au la chini lenye pampu. Pampu ikianza kulia kavu, kwa sauti ya juu isiyo na maji ndani yake, izime mara moja. Ikiendelea hivyo itaungua, na fundi haji usiku. Ya kunywa nunua au chemsha.

Onyo kubwa la nyumba hizi lipo bafuni. Chini ya vigae kuna boriti, na chini ya boriti kuna jirani. Maji yakifurika au bomba likidondosha wiki nzima, boriti inaoza kimyakimya mpaka siku dari ya mwenzako inapotoa doa la kahawia. Ukiona maji yamesimama sakafuni, au kigae kinacheza, piga simu siku hiyohiyo. Chooni usitupe kitu zaidi ya karatasi, na hata hiyo uliza kwanza.

Hatua ya 8: Ipe nyumba hewa kwa ratiba

Hapa ndipo wageni wanapoteseka bure. Wanafunga kila kitu, wanawasha kiyoyozi, ukuta unatoa jasho, nguo zinanuka.

Alfajiri fungua madirisha yote, ya njiani na ya uani, pamoja na milango ya vyumba, ili upepo upite kutoka upande mmoja hadi mwingine. Jua likipanda, kwenye saa nne, funga mabawa ya upande unaopigwa na jua na uache vipande vya luva wazi. Ukuta ule mnene utabaki wa baridi hadi mchana. Jioni kabla ya magharibi weka neti, kisha fungua tena. Kwenye upepo wa kusi, kuanzia Juni, huenda usihitaji hata feni. Kwenye upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi, utaihitaji usiku kucha, na ndipo ghorofa ya juu inapopata thamani yake.

Usianike nguo mbichi chumbani. Kuna paa au ua, uliza. Ukianika juu ya paa bana kwa vibanio, na usiache kijiko, sabuni wala pete mezani. Kunguru wa Unguja wana macho makali na hawana haya.

Hatua ya 9: Ukuta usiguswe

Usipigilie msumari. Usibandike ndoano za gundi za kuning'inizia vitu. Chokaa inabanduka kwa vipande vikubwa kuliko ulivyotarajia, na badiliko lolote la jengo linahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, hata mwenye nyumba hajiamulii. Ndani ya ukuta kuna vidaka vya kuwekea vitu, vitumie.

Mishumaa hapana. Mbao za dari ni kavu na za zamani. Umeme ukikatika kuna tochi. Na usialike watu thelathini kucheza muziki kwenye sakafu ya boriti. Ilijengwa kubeba familia na mikeka.

Hatua ya 10: Kaa na watu

Salimia. Kila unapotoka na kila unaporudi, wanaokaa barazani uwasalimie, wakubwa kwa shikamoo. Siku ya pili watakuwa wanakuelekeza njia kabla hujauliza, na ukisahau ufunguo mlangoni utaletewa.

Baraza ya mlangoni ni ya wenyeji kabla ya kuwa yako. Ukikaa, kaa na wenzako, agiza kahawa. Usisimame dirishani ukiwa kifua wazi, kwani dirisha la ng'ambo liko mita mbili tu na lina mama wa watu. Picha za watu omba kwanza. Viatu vivue mlangoni. Taka toa muda mlioelekezwa, si usiku, la sivyo paka watazimwaga na asubuhi kila mtu atajua ulikula nini.

Adhana ya alfajiri, kwenye saa kumi na moja, itakuamsha. Misikiti ipo kila mtaa na haitapunguza sauti kwa ajili yako. Mwenye usingizi mwepesi aombe chumba cha uani na aje na vizibo vya masikio.

Mambo yakikwama

*Umeme umezimika.* Chungulia dirishani. Mtaa mzima uko gizani? Subiri. Ni wewe tu? Tazama salio kwenye Tukuza, kisha swichi ndogo za kwenye sanduku la umeme. Swichi ikirudi kuanguka kila ukiipandisha, chomoa hita kwanza. Mara nyingi ndiyo.

*Tarakimu zimekataliwa na mita.* Linganisha namba ya mita kwenye ujumbe na iliyo ukutani. Zikitofautiana, umemnunulia mtu mwingine. Zikilingana, ingiza upya bila haraka.

*Maji hayatoki.* Koki kuu iko wazi? Tangi lina maji? Gonga ubavuni usikilize. Kama lina maji na hayashuki, huenda pampu imeingiwa na hewa, hiyo ni kazi ya msimamizi. Weka ndoo mbili zimejaa bafuni tangu siku ya kwanza na jambo hili halitakusumbua.

*Mlango wa chini haufunguki.* Unyevu huvimbisha mbao, hasa masika. Bonyeza bawa kwa bega kuelekea ndani huku ukizungusha ufunguo. Usilazimishe kwa koleo, ufunguo ukikatikia humo usiku utalala barazani. Bisha kwa jirani kwanza.

*Intaneti inafika sebuleni lakini si chumbani.* Ukuta wa nusu mita hauna mjadala. Sogeza kifaa kiwe kwenye mstari wa mlango ulio wazi, au kaa dirishani na utumie laini ya simu.

*Paa linavuja.* Ndoo chini ya tone, kitanda kisogezwe, chomoa vifaa vya upande huo, piga video, tuma. Usipande juu ya bati mwenyewe. Tone likiwa juu ya taa, zima swichi ya taa hizo kwenye sanduku.

*Dari imedondosha kipande.* Kidogo kama biskuti, fagia na utoe taarifa. Kikubwa kuliko kiganja, au kimefuatana na mlio wa mbao, hamisha watu kutoka chumba hicho, funga mlango wake na omba chumba kingine usiku huohuo. Usikubali kuambiwa “kesho fundi anakuja” huku ukirudi kulala chini yake.

*Fleti si ile uliyoonyeshwa.* Usiingize mizigo. Simama sebuleni, onyesha video na ujumbe wa bei, dai chumba ulichokubaliana au pesa yako. Ukishalala usiku mmoja, hoja yako imepungua nusu. Mambo yakiwa magumu, uliza barazani sheha wa shehia anakaa wapi. Mara nyingi kulitaja neno hilo tu kunatosha kumfanya mtu akumbuke alichoahidi.

*Msimamizi hapokei simu.* Kabla hajaondoka siku ya kwanza, chukua namba ya pili: ya mlinzi, ya ndugu yake, au ya mwenye duka la chini. Ukisahau, nenda kwa huyo mwenye duka. Anajua anakokunywa kahawa.